Mahabusu kapigwa na askari magereza: madai yanaanzia wapi, na muda ukoje?

Msaidizi wa Pasua

Habari za jioni wakuu. Naomba mwongozo wa wanaoijua sheria hii, mimi ni msaidizi wa kisheria tu, si wakili. Kuna familia hapa Moshi ina kijana wa miaka 24, mahabusu, kesi ya wizi, inatajwa tu, haijaanza kusikilizwa. Tarehe 3 Machi alfajiri, wakati wa upekuzi, alipigwa rungu na mateke na askari wawili. Leo ni tarehe 12. Mama yake kamwona jana: mkono wa kushoto umevimba kati ya kiwiko na kifundo, anachechemea, sikio la kulia halisikii vizuri. Zahanati ya gereza ilimpa diclofenac, dawa ya maumivu, na kwa maelezo ya kijana daftari limeandikwa "aliteleza bafuni". Gereza silitaji.

Familia inataka kufungua madai. Wengine wanawaambia waende Mahakama Kuu kwa kesi ya kikatiba, wengine waende Tume ya Haki za Binadamu, na kuna jirani anawaambia Mahakama ya Afrika ipo hapo Arusha, nauli tu. Waanzie wapi? Na hizo siku 90 za notisi kwa Serikali zinazosemwa zinahesabiwaje? Kesi yake inatajwa tena Jumanne tarehe 17.

Wakili Sekei

Poleni sana, na mpe pole mama.

Kabla ya mahakama yoyote, ushahidi. Madai mengi ya kipigo gerezani yanakufa kwa sababu ndani ya wiki mbili za kwanza hakuna karatasi hata moja iliyoandikwa na mtu asiye wa gereza. Baada ya miezi mitatu uvimbe umekwisha, waliokuwa naye seli wamehamishwa gereza lingine au wametoka, na kilichobaki ni daftari la zahanati linalosema aliteleza.

Kwa hiyo, kuanzia leo:

Mama aandike kwenye kaunta buku alichokiona jana. Tarehe, saa aliyoingia, kiungo kipi, upande upi, kimevimba kiasi gani, kijana alisema nini kwa maneno yake. Simu haziruhusiwi kwenye kutembelea, kwa hiyo picha hamtapata huko. Achore umbo la mtu kwenye karatasi, mbele na nyuma, atie alama palipoumia, asaini. Aandike leo akili ikiwa bado mbichi. Karatasi ya wiki ya pili haina uzito wa ile ya siku ya kwanza.

Mahabusu huvaa nguo zake, na nguo chafu hutoka ili zikafuliwe nyumbani. Kama ile shati ya tarehe 3 imeshatoka, msiifue. Ikaushwe kivulini, itiwe kwenye bahasha ya kaki, iandikwe tarehe na jina la aliyeipokea. Usiiweke kwenye nailoni, damu huota ukungu humo.

Kisha kijana, kupitia mama, ataje majina ya waliokuwepo na namba zao za mahabusu. Askari kama hawajui kwa majina, aeleze zamu, cheo kilichoonekana kwenye sare, umbo, sauti, jina la utani wanaloitana. Na aseme wazi kama aliyepiga ni askari au ni nyapara aliyeamriwa na askari. Nyapara ni mfungwa mwenzake; Serikali haiwajibiki kwa nyapara moja kwa moja mpaka uonyeshe nani alimpa amri au nani alisimama akatazama.

Barua ya malalamiko iende kwa Mkuu wa Gereza, nakala kwa Mkuu wa Magereza wa Mkoa. Fupi, ukurasa mmoja. Usiipeleke bila nakala ya pili ya kugongewa muhuri wa kupokelewa. Kama familia inaogopa, ijue kwamba Kanuni ya 56 ya Kanuni za Mandela (Umoja wa Mataifa, 2015) inamruhusu ndugu kulalamika pale ambapo mfungwa mwenyewe na mwanasheria wake wote hawawezi, na Kanuni ya 57 inakataza kumlipizia kisasi aliyelalamika. Si sheria ya Bunge letu, lakini kuitaja kwenye barua kunaonyesha kwamba mwandishi anajua anachokifanya, na kwa uzoefu wa jumla barua za namna hiyo hazitupwi haraka.

Ya madai nitarudi kuandika. Nadhani kuna daktari humu, amalizie upande wa mwili kwanza.

Tabibu wa Njoro

Nipo. Nianze na diclofenac, maana hapo ndipo mtu anaweza kupoteza maisha.

Mtu aliyepigwa sana kwenye mapaja, makalio na mgongo, misuli yake hupondeka na kumwaga protini kwenye damu, nayo huziba figo. Dalili ni mkojo wenye rangi ya chai ya rangi iliyokolea, au kukojoa kidogo mno, huku mwili mzima ukiuma na kulegea. Diclofenac, ibuprofen na ndugu zao huzidi kuziumiza figo hizo. Mama amuulize swali moja tu Jumamosi: mkojo ulikuwa rangi gani siku tatu za kwanza, na leo ukoje? Kama ulikuwa mweusi au umepungua, hiyo ni dharura, haisubiri Jumanne, na maumivu yatulizwe kwa paracetamol.

Hospitali waombe vipimo hivi kwa majina: creatinine na urea kwa ajili ya figo, CK kwa ajili ya misuli, na mkojo. Kuna ishara ambayo maabara nyingi huiona bila kuitilia maanani: karatasi ya mkojo inaonyesha damu, lakini kwenye darubini seli nyekundu hazionekani. Hiyo si damu, ni protini ya misuli. Ikiandikwa hivyo kwenye majibu, hoja ya kuteleza bafuni imeanza kuyumba. Siku ya tisa CK inaweza kuwa imeshashuka, kwa hiyo majibu ya kawaida hayamaanishi hakupigwa. Daktari aandike kipimo kilichukuliwa siku ya ngapi.

Mkono: apigwe picha ya eksirei ya mkono wote kuanzia kiwiko hadi kifundo, pande mbili. Anayeanguka hutanguliza kiganja, na mara nyingi huvunjika karibu na kifundo. Anayeinua mkono kukinga rungu huvunjika katikati ya ulna, mfupa wa upande wa kidole kidogo, na mwenzake radius hubaki mzima. Uvimbe mliouelezea, kati ya kiwiko na kifundo, ndipo penyewe. Picha hiyo moja ina uzito kuliko kurasa kumi za maelezo.

Sikio: kofi la kiganja kilichofunguliwa hutoboa ngoma ya sikio. Tundu dogo huziba lenyewe ndani ya wiki chache, kwa hiyo daktari wa masikio amwone mapema na achore tundu lilipo. Asiingize maji wala matone yoyote sikioni kabla hajaonwa.

Ngozi: alama ya rungu au fimbo ni mistari miwili sambamba myekundu au ya zambarau, na katikati pamebaki rangi ya ngozi. Kwenye ngozi nyeusi huonekana vizuri taa ikiwa ubavuni, si usoni pa alama. Mpiga picha aweke rula pembeni, apige moja ya karibu na moja ya mbali inayoonyesha ni kiungo gani. Daktari asikadirie umri wa jeraha kwa rangi, mawakili wa upande wa pili watamchana hapo. Aseme tu kama alama zinaendana na maelezo. Itifaki ya Istanbul, mwongozo wa Umoja wa Mataifa wa kuchunguza mateso, ina ngazi zake: haiendani, inaendana, inaendana sana, ni ya kawaida kwa jambo hilo, na haiwezi kuwa jambo jingine. Mwombeni daktari atumie maneno hayo hayo.

Na jambo la mwisho: maelezo ya mgonjwa yaandikwe kama alivyoyasema, "anasema alipigwa rungu na askari wawili tarehe 3 Machi", hata kama askari aliyemsindikiza amesimama chumbani. Daktari pia aandike kwamba askari alikuwepo chumbani wakati wa mahojiano.

Msaidizi wa Pasua

Ahsante sana daktari. Mkojo nitamwuliza mama usiku huu. PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, je? Kituo cha polisi wanasema mgonjwa mwenyewe awepo, na mgonjwa yuko ndani.

Tabibu wa Njoro

Matibabu hayasubiri PF3. Inatakiwa kwa ajili ya jinai, yaani kama mnataka polisi wafungue jalada la shambulio dhidi ya askari hao. Ikipatikana baadaye, daktari huijaza kutoka kwenye faili la hospitali, ndiyo maana faili hilo lazima liwe zuri. Kwa kumtoa ndani aende hospitali ya Mawenzi au KCMC, njia nyepesi ni amri ya hakimu. Wakili ataeleza.

Kijenge Juu

Mimi naona mnazunguka sana. Kule Marekani mfungwa anamshtaki askari kwa jina lake mwenyewe, analipwa. Huyu amfungulie yule askari binafsi Mahakama ya Wilaya, aachane na Serikali na notisi zake. Au aende Mahakama ya Afrika moja kwa moja, si ipo hapa kwetu?

Wakili Sekei

Ndugu yangu Kijenge, nakuelewa, na nitakujibu kwa kirefu kwa sababu hoja hii inawapoteza watu wengi.

Marekani wana sheria ya mwaka 1871, maarufu kama Kifungu 1983, inayomruhusu mtu kumdai afisa aliyevunja haki yake ya kikatiba akiwa kazini. Kule jimbo lenyewe halidaiwi fidia kwa kifungu hicho, ndiyo maana wanamfuata askari kwa jina. Tena si rahisi kama unavyosikia: tangu 1996 mfungwa lazima kwanza amalize ngazi zote za malalamiko ndani ya gereza, kwa fomu zao na kwa muda wao, la sivyo kesi inatupwa. Na mfungwa aliyekwisha kuhukumiwa lazima aonyeshe kwamba nguvu ilitumika kwa nia ya kumuumiza, si kwa kulinda nidhamu (Hudson dhidi ya McMillian, 1992). Mahabusu kule ana mzigo mwepesi zaidi: tangu kesi ya Kingsley ya 2015 anatakiwa kuonyesha tu kwamba nguvu haikuwa ya kiasi kinachofaa. Hayo ni yao.

Kwetu mlango ni mwingine. Sheria ya Mashauri Dhidi ya Serikali, Sura ya 5, inaifanya Serikali iwajibike kwa kosa la madai la mtumishi wake, yaani dhara linalodaiwa fidia, kama mwajiri yeyote. Ukimdai askari peke yake umebaki na mtu mwenye mshahara mdogo na nyumba ya kambi. Umdai askari kama unamjua, lakini pamoja na mwajiri wake, na Mwanasheria Mkuu wa Serikali aunganishwe. Ukimwacha Mwanasheria Mkuu, shauri lote linaharibika. Tangu marekebisho ya 2020 hilo limeandikwa wazi. Na mahakama ni Mahakama Kuu, si ya Wilaya. Kwa tukio la Kilimanjaro ni Masjala ya Moshi.

Sasa notisi. Zamani ulihitaji kibali cha waziri ili uishtaki Serikali. Mahakama ya Rufani, ikikaa hapa Arusha, ilikibatilisha kibali hicho katika shauri la Kukutia Ole Pumbun mwaka 1993, na mwaka uliofuata Bunge likaleta notisi ya siku 90 badala yake. Kwa hiyo hizo siku 90 ni mahali ambapo watu wa mkoa huu walikwisha kufungua mlango, tuutumie vizuri.

Notisi iandikwe kwa Katibu Mkuu, Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, na kwa Kamishna Jenerali wa Magereza, nakala kwa Mwanasheria Mkuu na kwa Wakili Mkuu wa Serikali. Ndani yake kuwe na jina la mdai, tarehe, saa na mahali, nani alifanya nini, majeraha, msingi wa kisheria, na kiasi kinachodaiwa. Kosa la kawaida ni notisi ya mistari minne isemayo "nitawashtaki kwa kunitesa". Hiyo haielezi msingi wa madai, na utakutana na pingamizi la awali. Kosa la pili ni kudai kwenye hati ya madai jambo ambalo halikuwa kwenye notisi. La tatu, kukosa uthibitisho wa kupokelewa: siku zinahesabiwa tangu ilipopokelewa, si tangu ulipoiandika.

Hesabu kwa mfano. Tukio 3 Machi. Notisi ikipokelewa 20 Machi, siku 90 zinaisha 18 Juni, hati ya madai inaingia kuanzia 19 Juni. Ukiwahi hata siku moja, shauri linaondolewa.

Ukomo nao mnauchukulia vibaya. Wengi watakwambia madai ya kosa la madai ni miaka mitatu, na ni kweli, Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, inasema hivyo. Lakini jedwali lilelile linatoa mwaka mmoja tu kwa madai ya fidia kwa kitendo kinachodaiwa kufanywa kwa kutekeleza sheria iliyoandikwa. Wakili wa Serikali atasema askari alikuwa anafanya upekuzi chini ya Sheria ya Magereza, Sura ya 58, kwa hiyo ni mwaka mmoja. Usibishane naye hapo. Fungua ndani ya mwaka, hoja inakufa yenyewe. Na hapa naomba mfungue Toleo la Marejeo la 2023 mnapotaja namba za vifungu, maana baadhi zimebadilika na vitabu vingi mitaani bado ni vya zamani.

Kesi ya kikatiba: Ibara ya 13(6)(e) inakataza kutesa na kuadhibu kinyama, na (d) inalinda heshima ya mtu aliye chini ya ulinzi. Ibara hizo zitajeni kwenye hati ya madai. Lakini ombi kamili chini ya Sheria ya Utekelezaji wa Haki na Wajibu wa Msingi, Sura ya 3, kwa kipigo cha mtu mmoja silishauri. Mahakama hujiuliza kwanza kama kuna nafuu nyingine ya kutosha, na hapa ipo, madai ya kawaida. Mtapoteza mwaka mzima kisha mrudi mlipoanzia. Njia hiyo iwekwe kwa mambo ya mfumo, mfano utaratibu unaowagusa mahabusu wote.

Mahakama ya Afrika: Tanzania iliondoa tamko la kuruhusu watu binafsi kufungua mashauri huko, taarifa ilitolewa Novemba 2019 na ikaanza kufanya kazi 22 Novemba 2020. Kwa tukio la mwaka huu mlango huo umefungwa, hata kama jengo liko umbali wa daladala. Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, nayo Arusha, bado inapokea watu binafsi, na haidai umalize mahakama za ndani kwanza. Ila ina miezi miwili tu tangu tukio au tangu ulipolijua, kwa hiyo kwenu ni 3 Mei, na hutoa zaidi tamko kwamba Mkataba wa Jumuiya umevunjwa. Kwa fidia ya mkono ulioumizwa sioni kama ndiyo njia ya kwanza.

Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora: ndiyo, na muda wake ni huu wa notisi. Haina ada, inaweza kuingia gerezani na kuhoji. Haichunguzi jambo ambalo tayari liko mahakamani, kwa hiyo itumieni kabla ya Juni. Inachotoa ni mapendekezo, si hukumu, lakini ripoti yake ni ushahidi mzuri.

Msaidizi wa Pasua

Wakili Mungu akubariki. Mama kajibu: siku mbili za kwanza mkojo ulikuwa "kama Coca-Cola", sasa umerudi kawaida. Kiasi cha fidia tuandike nini? Na daftari la "aliteleza bafuni" linavunjwaje?

Wakili Sekei

Maneno hayo ya mama yaingie kaunta buku leo hii, na yafikishwe kwa daktari leo hii; kama Tabibu alivyosema, hiyo ni dharura, haisubiri Jumanne.

Fidia ni mafungu mawili. Hasara mahususi, yaani nauli, dawa, picha, kipato kilichopotea, lazima zitajwe moja moja na zithibitishwe kikamilifu; Mahakama ya Rufani ilishasema hivyo katika Zuberi Augustino dhidi ya Anicet Mugabe, 1992. Bila risiti hupati hata kama hakimu wa mbinguni anajua ulilipa. Kwa hiyo risiti zote kwenye bahasha moja, hata ya bodaboda ikiwezekana iandikwe. Fidia ya jumla kwa maumivu na kudhalilishwa iko mikononi mwa jaji. Msiandike bilioni. Kiasi kisicho na uhusiano na majeraha kinamfanya jaji awe na shaka hata na majeraha yenyewe. Na mjue kabisa kwamba mali ya Serikali haikamatwi wala kupigwa mnada. Mkishinda mnachukua hati ya malipo na kuifuatilia wizarani, kwa uvumilivu.

Daftari: ombeni mahakama iamuru litolewe lenyewe, si nakala, pamoja na kitabu cha matukio cha siku hiyo, orodha ya zamu, na taarifa ya matumizi ya nguvu. Askari aliyetumia nguvu halali anatakiwa kutoa taarifa kwa mkuu wake papo hapo. Kama watasema alipinga upekuzi, taarifa iko wapi? Kama watasema aliteleza, na picha ikaonyesha ulna imevunjika katikati, kwa nini iwe hapo, na bafu lilikuwa wazi saa hiyo ya upekuzi? Hawawezi kushika yote mawili. Sheria ya Ushahidi inamtaka mtu mwenye ujuzi wa pekee wa jambo alithibitishe yeye, na kilichotokea ndani ya kuta zile Magereza ndio wanaokijua. Mashahidi wa seli mtawaombea amri ya kuletwa mahakamani, ndiyo maana nilisisitiza namba zao.

Sasa Jumanne. Asisubiri kuulizwa. Shauri likitajwa, kabla halijaahirishwa, anyooshe mkono aseme:

"Mheshimiwa, naomba jambo moja liingie kwenye kumbukumbu. Tarehe 3 Machi alfajiri, nikiwa chini ya ulinzi, nilipigwa na askari wawili. Mkono wa kushoto umevimba, sikio la kulia halisikii, nilikojoa mkojo mweusi. Sijapimwa hospitali. Naomba Mahakama iamuru nipelekwe hospitali ya mkoa, nipigwe picha ya mkono, nipimwe figo na sikio, na taarifa iletwe tarehe ijayo."

Basi, asiongeze. Hakimu akiandika hayo kwenye mwenendo wa shauri, mmepata karatasi ya kwanza isiyo ya gereza, na mtaomba nakala yake iliyothibitishwa. Mama awepo mahakamani amsikie.

Kuna hatari moja. Siku hizi mahabusu wengi hutajiwa kesi kwa njia ya video wakiwa gerezani, na askari walewale wako chumbani. Kijana anaweza kunyamaza. Kwa hiyo andikeni barua kwa Hakimu Mfawidhi, Kiswahili kinatosha, mkitaja namba ya shauri, mkiomba aletwe mwenyewe mahakamani kwa sababu ana jeraha la kuonyesha. Ipelekeni masjala kesho Ijumaa asubuhi mgongewe muhuri, maana ikiingia Jumatatu amri ya kumleta inaweza isifike gerezani kabla karandinga halijaondoka.